Nani alilichafua Ziwa Victoria? Ushahidi uko kwenye tope

Ukimuuliza mtu wa Mwanza au Kisumu ziwa limechafuliwa na nini, jibu linakuja haraka: viwanda, majitaka, gugu maji. Si jibu baya. Mabomba yanayomwaga maji meusi ziwani yapo, na miaka ya 1990 gugu maji lilifunga ghuba na bandari hadi mitumbwi ikashindwa kutoka. Lakini ukiuliza ziwa lilianza kubadilika lini, mtuhumiwa mkuu anakuwa mwingine.

Tuanze na vipimo. Mwaka 1960 na 1961 mtafiti Mwingereza, Jack Talling, alikuwa Jinja, Uganda, akipima joto, oksijeni na mwani wa ziwa. (Mwani huu si ule unaolimwa Zanzibar. Ni viumbe vidogo ambavyo kimoja kimoja huvioni bila hadubini, ila vikizidi maji yanageuka kijani.) Miaka 30 hivi baadaye watafiti wengine, akiwemo Rose Mugidde wa Uganda, walipima tena. Uzalishaji wa mwani ulikuwa umeongezeka takriban maradufu na maji hayakuwa maangavu kama zamani. Kule chini kabisa, oksijeni ilikuwa imepungua mno.

Wa kulaumiwa alikuwa karibu: sangara. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akaongezeka ghafla huku mamia ya aina za furu zikipotea. Sasa, baadhi ya furu hula mwani. Furu wakiisha, mwani unakosa mlaji, basi unajaa. Hoja inaingia akilini kabisa. Tatizo ni tarehe.

Kila mwaka mwani unakufa, unazama na kufunikwa na tope jipya, kwa hiyo sakafu ya ziwa ni kama kitabu cha kumbukumbu ambacho hakuna aliyekikusudia. Watafiti hushusha bomba, wanachomoa nguzo ya tope na kuikata vipande vyembamba. Umri wa kila kipande unapatikana kwa kupima aina ya risasi yenye mnururisho, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake walichapisha walichosoma kwenye tope la Ziwa Victoria. Mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, na oksijeni ya kina kirefu ilianza kupotea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yaani Talling alipokuwa anapima ziwa tunalodhani lilikuwa "la asili", mabadiliko yalikuwa yameshaanza zamani. Sangara alikuta mambo yameshaharibika. Tena inawezekana upungufu wa oksijeni ulishawafukuza baadhi ya furu wa kina kirefu kabla yeye hajawamaliza.

Kilichoanza kabla ya miaka ya 1930 ni nini? Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Pamba ikaenea Usukumani, kahawa Bukoba, chai Kericho. Watu wakaongezeka, misitu ikafyekwa, mashamba yakapanda vilimani. Udongo usio na mizizi huchukuliwa na mvua, nao unabeba fosforasi, ambayo kwa mwani ni mbolea. Mito kama Nzoia, Nyando na Kagera ikaipeleka ziwani. Hapa ndipo wanasayansi wanapotofautisha uchafuzi wa chanzo kimoja, kama bomba unaloweza kulinyooshea kidole, na uchafuzi uliotawanyika, ambao kila mkulima na kila jiko linachangia kidogo. Ule wa kwanza unaumiza sana ghuba zilizo karibu na miji. Huu wa pili ndio uliobadilisha ziwa zima, la kilomita za mraba zaidi ya 68,000.

Sehemu inayonishangaza mimi zaidi ni hii: kiasi kikubwa cha fosforasi hiyo hakipiti hata mtoni. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mwaka 2005 Rashid Tamatamah, Mtanzania, na wenzake walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani inatoka angani. Moshi wa kuni, majivu ya mashamba yanayochomwa na vumbi la ardhi iliyo wazi, vyote hupanda, vinasafiri, kisha vinadondoka majini.

Na hasara haiishii kwenye rangi ya maji. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba jike wa furu huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa na ukungu rangi hazionekani vizuri, hivyo aina zinachanganyika na nyingine kupotea bila hata kuliwa na sangara.

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ni kinga ya maana dhidi ya tope na majitaka, nami naiunga mkono. Ila shamba linalochomwa kilomita 100 kutoka ufukweni limo ndani ya sheria hiyohiyo, na majivu yake yanaanguka ziwani vilevile.