Sungura Vibete wa Uholanzi na Gharama ya Udogo

Sungura wote wanaofugwa, wakubwa kwa wadogo, wametokana na sungura mwitu wa Ulaya, ambaye asili yake ni rasi ya Iberia na ambaye kwa karne nyingi alifugwa kwa ajili ya nyama na ngozi. Kumfuga kwa mapenzi tu ni desturi changa, na katika desturi hiyo miongoni mwa wanaopendwa sana ni kibete wa Uholanzi, mwenye kichwa cha mviringo, masikio mafupi yaliyosimama na uzito usiozidi kilo 1.1 hivi.

Chimbuko lake ni sungura mdogo mweupe aliyefugwa Uingereza katika karne ya 19, akapelekwa Ujerumani, na huko akaitwa Hermelin kwa kuwa manyoya yake yalifanana na ya kicheche mweupe wa majira ya baridi. Wafugaji wa Uholanzi waliotaka rangi nyingine walimchanganya na sungura mwitu wadogo, wakapata rangi walizozitafuta, lakini vizazi vya mwanzo vilirithi pia woga na ukali wa porini, na ilichukua miaka mingi ya kuchagua wazazi wapole kabla ya mnyama huyu kufaa kushikwa. Mwaka 1940 Waholanzi waliidhinisha kiwango chake, yaani maelezo ya uzito, umbo na rangi yanayofuatwa na waamuzi wa maonyesho. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alifika Uingereza mwaka 1948, na Marekani ikamtambua mwaka 1969.

Mwaka 1949 Adriaan de Cock, mfugaji wa Tilburg, alianza kumchanganya kibete huyu na sungura mkubwa wa Kifaransa mwenye masikio yanayoning'inia, ili apate kibete wa masikio ya aina hiyo. Kazi hiyo ilidai subira ya ajabu, kwa sababu chotara wa kwanza walitoka na masikio yaliyosimama, na kibete huyo wa masikio yanayoning'inia hakutambuliwa Uholanzi hadi mwaka 1964.

Udogo huo unatokana hasa na hitilafu moja katika jeni, yaani sehemu ya urithi inayotoa maagizo ya ukuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kipande cha jeni iitwayo HMGA2 kimepotea. Anayerithi hitilafu hiyo kutoka kwa mzazi mmoja huwa kibete, bali anayeirithi kwa wote wawili huzaliwa mdogo kupita kiasi na hufa ndani ya siku chache, na hesabu ya urithi inaonyesha kuwa vibete wawili wakipandishwa, robo ya watoto wao kwa wastani huangukia kundi hilo. Fuvu lililofupishwa nalo huweza kuyapotosha meno, ambayo kwa sungura hayaachi kukua, na yasipokutana sawasawa hayasagiki, hata mnyama akashindwa kula.

Vifo hivyo vina njia ya kuepukwa. Jike asiye na hitilafu, ambaye huwa mkubwa kuliko kiwango na hivyo hapelekwi kwenye maonyesho, akipandishwa na dume kibete huzaa wastani wa nusu vibete na nusu wa kimo cha kawaida, bila hata mmoja wa kurithi hitilafu mara mbili. Kwa hiyo wafugaji makini humtunza jike huyo kwa thamani ileile wanayompa mshindi.