Deni la Mbeleko

Kuna neno ambalo wengi wetu Nairobi tumeliacha lizeeke: kubeleka. Si kubeba. Kubeba ni gunia, ni kreti ya soda, ni simu ya mtu. Kubeleka ni kumweka mtoto mgongoni na kumfunga kwa nguo, basi. Na ni neno zee kweli kweli. Mshona wa Zimbabwe anasema bereka, Mzulu anasema beletha, na kwa Wachewa wa Malawi neno hilohilo limesogea hadi likawa kuzaa. Ukiona neno moja limetapakaa hivyo, jua watu walikuwa wanabeleka kabla lugha zao hazijaachana njia, na hiyo ni safari ya maelfu ya miaka.

Nguo ya kubelekea inaitwa mbeleko. Bara, kabla pamba haijafika, ilikuwa ngozi. Wakikuyu waliiita ngoi, ngozi iliyolainishwa mpaka ikakubali kukunjwa. Lakini Pwani mbeleko ilikuwa na maana ya pili, na hiyo ndiyo imenifanya niandike. Kijana akiposa, mbali na mahari, kulikuwa na vitu vya mama wa bibi harusi peke yake: mkaja, ile nguo mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua, na mbeleko. Yaani bwana harusi anamwambia mama mkwe: huyu ninayemchukua uliwahi kumfunga mgongoni, na mgongo wako una hesabu yake. Usidhani ilikuwa adabu tu. Ilikuwa bili iliyokaa wazi miaka ishirini, na kila mtu alijua ni ya nani.

Sasa turudi kwa kitambaa chenyewe, maana kina ujanja wake. Katika karne ya 19, meli kutoka Salem, kule Massachusetts, zilikuwa zinateremsha Unguja marobota ya pamba isiyotiwa rangi. Biashara ilinoga mpaka Marekani ikafungua ubalozi mdogo pale mwaka 1837, na kitambaa chenyewe kikaitwa merikani, jina linalojieleza. Kikavaliwa, kikafungiwa mizigo, kikafungiwa watoto. Tanga za dau pia zilishonwa kwacho, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Leso ilikuja kwa mlango mwingine. Wareno walikuwa na neno lenço, kitambaa cha mkononi, na vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora. Simulizi inayokubalika zaidi ni kwamba wanawake wa Pwani na Unguja walinunua vipande sita kwa mpigo, wakakata katikati, wakapata safu mbili za vitambaa vitatu vitatu, kisha wakazishona pamoja. Nguo moja pana, yenye mapambo, haikuwahi kuonekana popote. Wenye maduka walipoona wateja wanahangaika na sindano, wakaagiza nguo ileile ikiwa imechapwa nzima. Hapo ndipo ikawa bidhaa. Leo mwanzoni ni mashine za kiwandani, mwishoni ni fundi wa Mtaa wa Biashara, Mombasa, ambaye bado anakaa na cherehani barazani, anakata jozi yako mara mbili na kupinda kingo kabla hujamaliza kuhesabu chenji.

Angalia mpangilio huo vizuri: kwanza mikono ya wanawake nyumbani, halafu duka. Miaka mia hivi baadaye, mambo yalikwenda vivyo hivyo upande wa pili wa bahari ya Atlantiki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ann Moore, muuguzi wa Kimarekani, alipelekwa Togo na shirika la Peace Corps. Kule aliona jambo ambalo kwa mtu wa huku halistahili hata kutajwa: akina mama wanafanya kazi, wanakwenda sokoni, na watoto wako mgongoni, wametulia. Aliporudi kwao akapata binti, mwaka 1964. Akajaribu kumfunga kwa shali kama alivyoona. Mtoto akawa anateleza. Si ajabu, kufunga leso ni ujuzi wa mwili. Unainama, unamtupia mtoto mgongoni, unavuta kitambaa chini ya makalio yake, unakaza kifuani, unajitikisa kidogo kupima. Msichana wa huku anaanza na mwanasesere wa matambara akiwa na miaka minne, na akifika mtoto wa kweli mikono inajua yenyewe.

Basi Moore akamwendea mama yake. Lucy Aukerman aliishi West Alexandria, kijiji cha Ohio, na alikuwa mshonaji. Binti akaeleza, mama akakata. Wakatengeneza mfuko wa kitambaa wenye matundu ya miguu na kamba za mabegani, wakaurekebisha na kuurekebisha tena. Moore alipokuwa akizunguka nao huko Colorado, watu walimsimamisha njiani: huo umenunua wapi? Kila aliyeuliza akawa oda, na kila oda ikaenda Ohio, kwa Lucy na wanawake wenzake, wakashona majumbani mwao. Mwaka 1969 Moore akapata hataza, yaani cheti cha serikali kwamba ubunifu ule ni wake na mwingine asiuige bila ruhusa. Jina la biashara lilikuwa Snugli. Mwaka 1985 ukauzwa kwa kampuni kubwa, na habari za mshono wa nyumbani zikaishia hapo.

Ni rahisi kuitisha wizi hapa, na mitandaoni huitwa hivyo kila mara. Mimi sidhani ni rahisi hivyo. Moore hakuficha alikoona; Togo ilitajwa kila hadithi yake iliposimuliwa. Na kilichopewa hataza hakikuwa kubeleka. Ilikuwa ile mishono na kamba, vitu ambavyo mama wa Togo hakuvihitaji kwa sababu yeye alikuwa na fundo. Hataza inajua kulinda kamba. Fundo lililo vichwani mwa mamilioni ya wanawake haina pa kulishika. Hapo ndipo mfumo wa Pwani ulikuwa na akili kuliko ofisi ya hataza: uliweka malipo kwenye mgongo wenyewe, na jina la malipo likawa jina la nguo.

Tena mfuko ule mara nyingi ulivaliwa mbele, kifuani. Wazee wanasema mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Huyu wa kifuani anatazama vifungo vya shati.

Kifua, hata hivyo, kina hoja yake. Mwaka 1978 huko Bogotá, daktari Edgar Rey Sanabria, akiwa na wadi iliyojaa na vitotoleo visivyotosha, alianza kuwafunga watoto njiti ngozi kwa ngozi kwenye vifua vya mama zao. Miaka mingi madaktari wengi walilichukulia kama jambo la maskini. Halafu mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto 3,211 wenye uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Waliofungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki ndani ya siku 28. Waliosubiri kwanza hali itulie, kama ilivyokuwa desturi, asilimia 15.7. Kitambaa, joto la mama, basi. Kwa hiyo yule anayemcheka dada mwenye leso ndani ya matatu kwamba ametoka ushago, mwache acheke.

Na sisi wa mjini? Tumezunguka tukarudi palepale. Vibebeo vya Ulaya na Marekani vinashuka Gikomba kwenye marobota ya mitumba, kamba zimelegea lakini buckle nzima. Fundi anafumua kimoja, anakilaza juu ya kitenge, anachora kwa chaki, anakata. Anaweka sponji mabegani. Akiwa fundi wa kweli, pale kamba inapoungana na mfuko anapiga mshono wa kisanduku chenye msalaba ndani, kwa uzi mzito, kwa sababu hapo ndipo kilo zote za mtoto zinaning'inia. Kabla hujalipa, vuta hapo kwa nguvu zako zote. Kwa baridi ya Julai anakushonea na kifuniko cha manyoya laini kinachofungwa kwa vishikizo, kofia juu.

Haibi kwa mtu. Hataza za Marekani enzi zile zilidumu miaka 17, kwa hiyo ile ya 1969 iliisha 1986. Anaweza kukata vingi atakavyo, na akimaliza, vipande vya kitenge vilivyobaki anampa binti yake amfungie mwanasesere.