Sehemu ya 4: Bibi akisema "sijambo"

Tuendelee, jamaa zangu. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964. Huku Pemba tumewazoea zaidi Mkoani, Hospitali ya Abdalla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016. Miaka yote hiyo, baina ya daktari na mzee wetu mara nyingi pana mkalimani. Ndo hapo unapotakiwa wewe uliyempeleka. Bibi akiulizwa hali hujibu "sijambo, alhamdulillahi", hata kama usiku kucha hakulala. Ile ni adabu tu! Sema wewe kuwa hakulala. Akisema chembe cha moyo chamuuma, isifasiriwe "moyo" ikaishia hapo. Aoneshe kwa kidole panapouma. Na dawa anazotumia zitaje zote, za miti shamba pia.