Sinema kwa ajili ya Waafrika

Mwaka 1935 kijiji cha Vugiri, kwenye milima ya Usambara juu ya Korogwe, kiligeuka kuwa makao ya watengeneza filamu. Kazi ya kupiga picha iliongozwa na Meja L. A. Notcutt, Mwingereza aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge. Hukohuko kwenye mkonge, miaka ya 1920, ndiko alikopata wazo kwamba vibarua wakipewa sinema watatulia na kazi itakwenda. Mwenzake, G. C. Latham, alikuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Fedha nyingi zilitoka Marekani, kwa shirika la Carnegie, na aliyeuanzisha mpango wenyewe ni mtu wa misheni, J. Merle Davis. Yeye alikuwa ametembelea migodi ya shaba akaona jinsi wanavijiji walivyokuwa wakimezwa na maisha ya viwanda bila mtu wa kuwaeleza kinachowapata.

Nia, basi, haikuwa mbaya yote. Kwa takriban miaka miwili watu wa Vugiri walitengeneza filamu zipatazo 35, fupifupi, za kilimo, afya, mifugo na fedha. Moja ilihusu safura, nyingine makazi ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro. Waigizaji walikuwa Waafrika. Sauti haikuwa ndani ya filamu yenyewe bali kwenye sahani za santuri, ili picha zilezile ziweze kusemewa kwa Kiswahili hapa, kwa Kiganda kule, kwa Kibemba mbele zaidi. Kisha gari la sinema likaondoka na jenereta na kitambaa cheupe, likapita Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Wenyewe walikadiria kuwa ziara ya kwanza peke yake ilitazamwa na watu 80,000 hivi.

Filamu ya benki ya akiba ya posta inatosha kuonyesha zilivyokuwa. Vibarua wawili wa shambani wanapokea mshahara. Mmoja anakwenda kuufukia wake ardhini, mwizi anaufukua. Wa pili anaupeleka posta, pesa zake zinabaki salama. Ndiyo hadithi yote. Mshahara wenyewe ni kiasi gani, na kwa nini ni kiasi hicho, filamu haigusi. Mwafrika alikuwa wa aina mbili tu: mjinga, na aliyekwisha kufundishwa.

Mwaka 1937 fedha za Carnegie zikaisha. Serikali za makoloni ziliombwa kuchangia, zikakataa, na mradi ukafa. Notcutt na Latham wakaandika kitabu juu ya kazi yao. Ndani yake kuna jambo ambalo maofisa wengi wa zamani zile walilisema waziwazi: kwamba filamu za Hollywood, zenye wazungu walevi, wezi na wanawake wasiojisitiri, zinamvunjia mzungu heshima mbele ya Mwafrika. Sinema ya Vugiri ilitakiwa pia kuwa dawa ya hilo.

Fikra zile zilipata mlezi mwingine upande wa magharibi. William Sellers alikuwa bwana afya nchini Nigeria, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, tauni ilipoisumbua Lagos, alikuwa akitumia filamu kufundisha watu kuua panya. Vita ilipoanza mwaka 1939 London iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, naye akapewa kukiongoza. Akaja na kanuni zake. Mwafrika asiyesoma, alisema, haoni picha kama tunavyoona sisi. Kwa hiyo filamu yake iende polepole. Kamera isigeuzwe huku na huko, maana mtazamaji atadhani miti inakimbia. Hadithi isiruke kutoka mahali hadi mahali, wala kurudi nyuma. Hila za kamera zisitumike kabisa.

Ushahidi? Zaidi visa. Maarufu kuliko vyote ni kile cha mbu: wanakijiji wanaonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa kizima, wanaelezwa kuhusu malaria, na mwishoni wanasema wanashukuru sana, ila kwao mbu wakubwa namna ile hawapo. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, kila mara mahali pengine. Mimi huwa najiuliza kama miongoni mwa wasimuliaji wale yumo hata mmoja aliyewahi kusikia neno utani. Bwana afya anakuja na gari, anakukusanya usiku, anakusomesha juu ya mbu ambaye umelala naye tangu kuzaliwa. Jibu lile mtu yeyote wa Tanga angelitoa, tena bila kucheka.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuwapo, na ulikuwapo mapema. Mwaka 1929 mwanabiolojia Julian Huxley alipita Afrika Mashariki na filamu chache, akawaonyesha wanafunzi wa shule na kuwataka waeleze walichokiona. Aliridhika kwamba walielewa vizuri. Aliyaandika hayo kitabuni, lakini kanuni za Sellers hazikutikisika.

Mijini mambo yalikuwa wazi zaidi. Kenya ilikuwa na bodi ya ukaguzi iliyoweza kuipitisha filamu kwa Wazungu na Wahindi na kuikataza kwa Waafrika, na Nairobi ilitenga watu hata mlangoni mwa sinema. Zanzibar na Dar es Salaam majumba mengi yalikuwa ya wafanyabiashara wa Kihindi, ambao kwao tiketi ni tiketi. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipofika huku ilijaza majumba. Inaanzia mahakamani, mshtakiwa kizimbani, kisha inarudi nyuma miaka mingi hadi kabla hajazaliwa. Katikati kuna ndoto ndefu ya moshi, ngazi na masanamu makubwa, hila tupu za kamera. Halafu yote ni kwa Kihindi. Watu waliosemekana hawawezi kufuata filamu ikiruka toka chumba hadi chumba waliirudia, wakatoka wakiziimba nyimbo zake.

Serikali ya Tanganyika wakati huohuo ilikuwa na jaribio lake. Kati ya 1951 na 1953 kampuni ya Afrika Kusini ililetwa kutengeneza filamu za Kiswahili, na nyota wao alikuwa kijana wa Songea aliyesoma Tabora, mfanyakazi wa idara ya ustawi wa jamii, Rashidi Kawawa. Katika Muhogo Mchungu mshamba anaingia Dar es Salaam na wajanja wa mjini wanamlaghai. Ni ule ujinga wa Vugiri, safari hii umeongezewa vichekesho. Watu walizipenda filamu zile, na sioni sababu ya kuwalaumu: kwa mara ya kwanza walikuwa wanaona mji wao na kusikia lugha yao kwenye sinema. Kawawa hakukaa sana na kamera. Akaingia vyama vya wafanyakazi, akawa katibu mkuu wa shirikisho lao, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa nchi iliyompa kazi ya kuigiza mshamba.

Mwaka huohuo wa 1962 profesa wa Kanada, Marshall McLuhan, alichapisha kitabu kilichosomwa sana duniani, na ndani yake akanukuu kisa cha Mwingereza John Wilson. Wilson na wenzake walikuwa wamewaonyesha wanakijiji wa Kiafrika filamu ya dakika tano juu ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipowauliza watu thelathini hivi wameona nini, wakajibiwa: kuku. Watengenezaji hawakujua kama kuna kuku. Ikabidi waipitie filamu picha moja baada ya nyingine, na kweli, kuku alikuwemo, akiruka pembeni kwa sekunde moja hivi. Waliomkamata kwa jicho ni watazamaji, kwa kutazama mara moja. Wilson alihitimisha kwamba watu wale hawajui kutazama filamu, naye McLuhan akakubaliana naye.