Mdundo Mpakani: Hip Hop, Biashara na Lugha Zisizo na Soko, kwa Mtazamo wa Tunduma

Utangulizi

Mjadala kuhusu hip hop nchini Tanzania umezoeleka kuendeshwa kama kesi ya pande mbili: ujumbe na fedha. Wapo wanaoshikilia kwamba hip hop ni harakati, na kwamba biashara imeiua. Wapo pia wanaojibu kwamba sanaa ni kazi, na mfanyakazi anastahili ujira wake. Mhadhara huu unaitazama kesi hiyo kutoka Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, na unadai kwamba pande zote mbili zimemsahau shahidi mmoja, yaani lugha. Aliyeshika njia ya kusambaza muziki ndiye aliyeamua pia ni lugha ipi itamlisha msanii.

Mji na lugha zake

Mpaka wa Tunduma ni zao la mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Mapatano hayo yaliwagawa Wanyamwanga: wengine wakawa upande ambao leo ni Tanzania, wengine upande wa Nakonde nchini Zambia. Barabara kuu iendayo Zambia hupita hapo, na vivyo hivyo reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Songwe yenyewe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016. Miongoni mwa lugha zake ni Kinyamwanga, Kinyiha na Kiwanda, ambazo katika uainishaji wa Guthrie zimo katika kanda M pamoja na Kibemba. Kwa nasaba, basi, Kinyamwanga na Kibemba ni ndugu. Katika soko la muziki, mmoja ni tajiri na mwingine ni fukara.

Kutoka kufokafoka hadi Bongo Fleva

Mwaka 1991 Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili katika mdundo wa wimbo wa Vanilla Ice. Hata hivyo, wasanii wengi wa wakati huo, likiwamo kundi la Kwanza Unit lililoundwa mwaka 1993, walichana zaidi kwa Kiingereza. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na Radio One ikaanza kurusha matangazo mwaka 1994. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, aliyefahamika kama Mr. II na baadaye Sugu, alitoa albamu ya Ni Mimi. Wimbo wake wa Hali Halisi wa mwaka 1998, albamu ya Hard Blasters iitwayo Funga Kazi ya mwaka 2000, na ile ya Professor Jay iitwayo Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001, zilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba hoja nzito na wakati huohuo kuuza.

Majina ya muziki huo nayo yanasimulia historia. Hapo awali uliitwa muziki wa kufokafoka. Kufoka ni kusema kwa hasira, na uradidi wa shina hulifanya tendo lionekane halina mpango. Jina hilo lilibeba dharau ya wakubwa kwa vijana. Jina la Bongo Fleva, kinyume chake, ni jina la bidhaa: fleva ni ladha, na ladha huuzwa.

Msambazaji na mwanaharakati

Katika zama za kaseti, msanii alipeleka kazi yake kwa msambazaji jijini Dar es Salaam. Mara nyingi alilipwa kwa mkupuo, bila njia ya kuhakiki idadi ya nakala zilizouzwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa haki kwenye karatasi, ila kuidai lilikuwa jambo jingine. Manung'uniko hayo yalilipuka mwaka 2011, pale Mbilinyi, akiwa tayari mbunge wa Mbeya Mjini, pamoja na wasanii waliojiita Vinega, walipotoa Anti-Virus kupinga watu wachache kuhodhi redio, matamasha na malipo.

Ugomvi huo ulikuwa wa kweli. Lakini wagombanaji walikubaliana katika jambo moja bila kulitamka. Msambazaji alitaka kaseti itakayonunuliwa kuanzia Mtwara hadi Bukoba. Mwanaharakati alitaka ujumbe utakaoeleweka kuanzia Mtwara hadi Bukoba. Wote wawili walihitaji Kiswahili. Hakuna aliyeuliza habari za Kinyamwanga.

Ng'ambo ya mpaka

Huko Zambia, shirika la utangazaji la taifa, ZNBC, hutangaza kwa Kiingereza na lugha saba za nchi, Kibemba kikiwa mojawapo. Kwa hiyo msanii kama Chef 187 ameweza kujijengea jina kwa kuchana kwa Kibemba. Kinyamwanga hakimo katika lugha hizo saba. Upande mmoja wa mpaka kimefunikwa na Kiswahili, upande wa pili na Kibemba. Tanzania imepata kuwa na mfano tofauti: kundi la X Plastaz la Arusha lilitumia Kimaasai. Lakini albamu yao ya mwaka 2004 ilitolewa na kampuni ya Ujerumani. Mlango ulifunguliwa na soko la mbali.

Haifai kukilaumu Kiswahili kwa hali hii. Ndicho kilichomwezesha kijana wa Vwawa kujibizana kwa mistari na kijana wa Tanga, na ndicho kilichokiondoa Kiingereza mahali pa kwanza. Methali husema mwacha asili ni mtumwa. Lakini hapa si vijana walioiacha asili, bali ni soko lisiloilipia.

Hitimisho

Leo msanii wa Tunduma anaweza kurekodi chumbani na kuweka wimbo wake mtandaoni bila kupanda basi la Dar es Salaam. Msambazaji wa zamani hana tena ufunguo. Hata hivyo, malipo ya mtandaoni hufuata idadi ya wasikilizaji, na lugha ya watu wachache hubaki na malipo machache. Wanaodai mirabaha ya haki wana hoja, na wanaodai ujumbe wana hoja. Kwa wanaisimu, swali linalobaki ni gumu zaidi: biashara ya muziki ipimwe kwa kiasi inacholipa tu, au pia kwa lugha inazoziacha nje ya malipo? Wakati jibu likisubiriwa, tungo zinazotolewa kwa Kinyamwanga pande zote mbili za mpaka zinapaswa kukusanywa na kuandikwa sasa, wakati watungaji wake wangali hai.