Nathdwara: eneo bunge la India lililoamuliwa kwa kura moja

Tarehe 8 Desemba 2008, kura za bunge la jimbo la Rajasthan, kaskazini magharibi mwa India, zilipohesabiwa, mtu aliyetajwa sana kuwa huenda angekuwa kiongozi wa serikali ya jimbo alipoteza kiti chake. C. P. Joshi wa chama cha Congress alipata kura 62,215. Mpinzani wake, Kalyan Singh Chouhan wa chama cha BJP, alipata 62,216.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. India ni nchi ya majimbo, na kila jimbo lina bunge lake, mbali na bunge la taifa lililoko Delhi. Bunge la Rajasthan lina viti 200, na kila kiti kina eneo bunge lake. Mwenye kura nyingi kuliko wengine ndiye anayeshinda, hata kama hakufikisha nusu. Ni utaratibu waliouacha Waingereza, ule ule tunaochagulia wabunge wa majimbo Kenya na Tanzania. Chama chenye wabunge wengi ndicho kinachounda serikali, na mkuu wake huitwa waziri kiongozi.

Nathdwara ni mji mdogo ulio karibu kilomita 50 kutoka Udaipur. Wahindu wanaujua kwa hekalu la Shrinathji, ambalo sanamu yake ilihamishiwa huko katika karne ya 17, na mahujaji hufika mwaka mzima. Lakini eneo bunge lina vijiji vingi nje ya mji, na mgombea anayetegemea mjini peke yake hafiki mbali.

Joshi, aliyekuwa mwalimu wa saikolojia chuo kikuu, alichaguliwa hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1980, akachaguliwa tena 1985. Sehemu kubwa ya miaka ya 1990 hakuwa bungeni. Alirudi 1998, na 2003 akashinda kwa mara ya nne.

Ushindi huo wa 2003 ndio unaostahili kutazamwa vizuri. Tangu 1993 wapiga kura wa Rajasthan wamekuwa wakibadilisha serikali kila baada ya miaka mitano: BJP, kisha Congress, kisha BJP tena, zamu kwa zamu hadi leo. Mwaka 2003 zamu ilikuwa ya BJP, lakini Nathdwara ilibaki na Joshi wa Congress. Mwaka 2008 upepo uligeuka, Congress ikawa inarudi, na Joshi mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho jimboni. Mtu aliyevuka mto ukiwa umefurika akazama ulipokuwa umepungua.

Kwa nini? Jibu linalopendwa ni la nyumbani kwake. Habari ilienea India nzima kwamba baadhi ya jamaa zake hawakwenda kupiga kura siku ile. Ni kisa kitamu, na wanasiasa wa India hukirudia kila uchaguzi wanapohimiza watu kujitokeza. Lakini hesabu yake haisemwi vizuri. Kura moja zaidi isingempa Joshi ushindi. Wangekuwa sare, 62,216 kwa 62,216, na sheria ya uchaguzi ya India inasema wagombea wakifungana, msimamizi wa uchaguzi anapiga kura ya bahati nasibu papo hapo. Anayeangukiwa na bahati anahesabiwa kuwa ameongezewa kura moja. Ili ashinde bila bahati nasibu, Joshi alihitaji kura mbili zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo halina utamu wa kusimuliwa. Uchaguzi wa 2008 ulikuwa wa kwanza Rajasthan kufanyika kwa mipaka mipya ya maeneo bunge. Mipaka ikichorwa upya, mbunge wa siku nyingi anaweza kupoteza vijiji vilivyomzoea na kupewa vingine visivyomjua.

Joshi hakukubali. India, anayepinga matokeo ana siku 45 za kufungua kesi katika Mahakama Kuu ya jimbo. Ugumu ni kwamba Wahindi walikuwa tayari wanapiga kura kwa mashine ya kubonyeza, na wakati huo mashine haikutoa karatasi. Karatasi chache zilizokuwapo ni pamoja na zile za watu waliofika kituoni wakaambiwa, "Wewe umeshapiga." Mtu wa namna hiyo, akithibitisha kuwa ndiye mwenye jina, hupewa karatasi, anaweka alama, na karatasi inafungiwa katika bahasha. Haihesabiwi siku hiyo, na hukaa humo mpaka mahakama iamuru vinginevyo.

Kwa kawaida bahasha hizo hazimshughulishi mtu, kwa sababu mshindi huwa amepita kwa maelfu. Kwa tofauti ya kura moja, bahasha chache zilikuwa na uzito wa uchaguzi mzima. Joshi alilalamika pia kwamba kuna mtu aliyempigia mpinzani wake mara mbili. Mvutano kuhusu karatasi zipi zizingatiwe ulifika hadi Mahakama ya Juu ya India, iliyotoa uamuzi Januari 2011, zaidi ya miaka miwili baada ya siku ya kura. Muda huo wote Chouhan alikuwa bungeni.

Serikali nayo haikungoja. Congress ilikuwa imepata viti 96, pungufu ya 101 vinavyohitajika, ikatafuta wabunge wa pembeni wa kuiunga mkono. Ashok Gehlot akawa waziri kiongozi. Joshi alitafuta mlango mwingine: mwaka 2009 alichaguliwa kwenda bunge la taifa kutoka Bhilwara, akapewa wizara ya maendeleo ya vijijini. Wizara hiyo ndiyo iliyosimamia sheria iliyokuwa ikizipa familia za vijijini, wakati huo, haki ya siku 100 za kazi ya malipo kwa mwaka. Kwa mtu aliyekataliwa na eneo bunge lake, si haba.

Mwaka 2013 BJP ilizoa viti 163 Rajasthan nzima na Chouhan akashinda tena Nathdwara, safari hii bila wasiwasi wa bahasha. Alifariki 2018 akiwa bado mbunge. Desemba mwaka huo huo Joshi alirudi kugombea, akashinda kwa kura 16,940, kisha akawa spika wa bunge la jimbo. Ni yeye aliyetoa notisi za kutaka kuwavua ubunge Sachin Pilot na wenzake 18, walipoasi serikali ya Gehlot mwaka 2020.

Uchaguzi wa Novemba 2023 BJP ilimleta Vishvaraj Singh Mewar, wa ukoo wa waliokuwa watawala wa Mewar, ambamo Nathdwara imo. Zamu ya serikali ilikuwa ya BJP, na mara hii Nathdwara ilikwenda na upepo. Mewar alipata kura 94,950, Joshi 87,446.