Mibuyu ya Gujarat na Ushahidi wa Kilwa

Gujarat, magharibi mwa India, ina mibuyu minene iliyozeeka, nayo si miti ya asili ya huko. Nani aliipeleka? Kwa muda mrefu waandishi wengi walijibu kwamba ni wafanyabiashara wa Kiarabu, na mjadala ukaishia hapo.

Mwaka 2015 jarida la Royal Society Open Science lilichapisha utafiti uliolinganisha vinasaba vya mibuyu ya Afrika, India, visiwa vya Maskarene na Malaysia. Watafiti walipima sehemu 10 za DNA, kisha wakayasoma majibu sambamba na historia ya safari za watu. Mibuyu ya magharibi na ya kati mwa India ilionekana kuwa na undugu wa karibu zaidi na ile ya mwambao wa Mombasa hadi Dar es Salaam. Tena ilikuwa na alama ambazo hazikuonekana katika miti ya Afrika iliyopimwa. Mbegu, basi, zilivuka bahari zaidi ya mara moja, na tangu zamani kuliko ilivyodhaniwa.

Anayeujua ubuyu hashangai. Unga wake hukaukia ndani ya ganda gumu, hauozi upesi, una vitamini C kwa wingi, na watu wameutumia tangu enzi kutuliza homa na kuhara. Msafiri wa jahazi alipata chakula na dawa pamoja, na mbegu zikiwamo humo humo.

Lakini mibuyu ya kusini-mashariki mwa India, Maskarene na Malaysia, kwa mujibu wa utafiti huo, ilitoka Afrika Magharibi, kwa njia za wakoloni wa Ulaya wa karne ya 18 na 19.

Lililonigusa zaidi ni Kilwa, kusini mwa pwani ya Tanzania. Barani Afrika, kwa kawaida mibuyu ya ukanda mmoja huwa ya kundi moja la vinasaba. Kilwa, na kando ya mto Zambezi, makundi yamechanganyika. Watafiti wanasema huenda chanzo ni mateka walioletwa kutoka bara kati ya karne ya 15 na 19. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na misafara yake ilifika hadi pande za Ziwa Nyasa. Kama ndivyo, watu walioswagwa kwa minyororo walifika pwani na ubuyu wa kwao, na mbegu zikaota. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Ndiyo maana naona mibuyu ya Kilwa inastahili kulindwa kisheria sawasawa na magofu ya Kilwa Kisiwani: nayo ni ushahidi wa historia, na bado unaweza kupimwa upya.